Kunyoosha jicho baada ya upasuaji wa retina: maswali tunayoulizwa kliniki

Mimi ni muuguzi wa macho. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa retina, akapoteza uoni wa jicho hilo kwa kiasi kikubwa au wote, na sasa jicho limeanza kwenda upande. Wagonjwa wa namna hii huja na swali moja mdomoni na jingine moyoni. La mdomoni ni "Linaweza kunyooshwa?" La moyoni wengi hulitoa wakiwa wameshashika kitasa cha mlango kutoka. Naanza na hilo.

Wakininyooshea jicho, nitaona tena?

Hapana. Nalisema mapema kwa sababu nimewaona watu waliouza shamba au ng'ombe wakiamini vinginevyo.

Kuona ni kazi ya retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ndani ya jicho, pamoja na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Misuli ya nje ya jicho kazi yake ni kuligeuza tu: juu, chini, kulia, kushoto. Retina ikibanduka, chembe zake hutengana na tabaka la nyuma linalozilisha. Kadiri zinavyokaa hivyo ndivyo zinavyokufa, na zile za katikati, sehemu iitwayo makula, ndizo tunazosomea na kutambulia sura. Kubanduka kwa retina hakuumi. Mtu huona vimulimuli, kisha vidoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kama pazia linaloshuka, naye husema ngoja nione kesho. Wengi hutufikia makula imeshabanduka wiki nyingi. Daktari anaweza kuirudisha retina mahali pake na bado uoni usirudi.

Kwa hiyo upasuaji wa misuli hurudisha mkao wa jicho. Wapo wachache ambao jicho lao bado linaona kiasi cha kutosha, na hao wakinyooshewa jicho hilo, macho yote mawili huweza kushirikiana tena. Kama wewe ni mmoja wao utaambiwa baada ya vipimo, na usimwamini mtu yeyote anayekuahidi hilo kabla ya kukupima.

Kabla ya upasuaji wa retina jicho langu lilikuwa limenyooka. Kwa nini limeenda upande?

Sababu ziko mbili, na mara nyingi zote zipo kwa mtu mmoja.

Ya kwanza ni uoni wenyewe. Macho hukaa sambamba kwa sababu ubongo unapokea picha mbili na kuzilazimisha ziwe moja. Jicho moja likiacha kuleta picha ya maana, ubongo hauna tena sababu ya kulishikilia, nalo huanza kuondoka polepole. Kwa mtu mzima kwa kawaida huelekea nje, upande wa sikio. Kwa mtoto mdogo huweza kuelekea puani au nje. Mara nyingi mwenyewe hajui. Anayegundua ni mke, au mpiga picha wa pasipoti anayemwambia mara tatu, "Kaka, angalia hapa."

Ya pili ni makovu. Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza: 4 iliyonyooka na 2 ya mshazari. Katika aina moja ya upasuaji wa retina, daktari hushona mkanda wa silikoni kulizunguka jicho kwa nje ili kuusukuma ukuta wake uigusie retina. Njia ya kubana ukuta wa jicho kwa nje ilianzishwa na Ernst Custodis huko Ujerumani mwaka 1949, na hadi leo inaokoa macho. Lakini mkanda hupitishwa chini ya misuli iliyonyooka, na ili kufika huko daktari huishika na kuivuta. Baada ya hapo tishu hupona kwa kushikana. Msuli unaweza kunata kwenye mkanda au kwenye ukuta wa jicho, mafuta yaliyo nyuma ya jicho yakaingia kwenye kovu, na jicho likafungwa kama mlango uliokwama kwenye fremu. Hapo jicho huweza kupanda juu, kushuka chini au kugoma kugeuka upande mmoja. Upasuaji wa kutoa ute ndani ya jicho, usiotumia mkanda, huacha makovu machache ya aina hii kwenye misuli.

Basi daktari wa retina alikosea?

Mara nyingi hapana. Kovu ni namna mwili unavyopona, na siku ile alikuwa akipigania jicho lisife. Kama una malalamiko ya kweli, omba ripoti ya upasuaji na umuulize yeye mwenyewe. Ripoti hiyo utaihitaji hata hivyo.

Ndugu zangu wanasema huu ni urembo tu, pesa zitumike kwenye mambo ya maana. Ni kweli?

Swali hili linanigusa, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Nyumbani kwako wanakupenda, na hawalioni tena hilo jicho. Lakini huishi nyumbani pekee. Muuza duka huongea na mteja, na mteja anageuka nyuma kuangalia ni nani anayeongeleshwa. Mwalimu anamnyooshea mwanafunzi kidole, na wawili wanasimama. Kwenye usaili wa kazi anayekuhoji anahangaika hajui atazame jicho lipi. Mtu hujifunza kuinamisha kichwa, kuvaa miwani myeusi ndani ya nyumba na kusimama pembeni kwenye picha za harusi ya mdogo wake. Hayo yote nimeyaona.

Kurudisha jicho mahali lilipokuwa kabla ya ugonjwa ni kurekebisha kilichoharibika, sawa na kuunga mfupa uliopona ukiwa umepinda. Urembo ni kuongeza kitu ambacho hukuwa nacho. Kama jicho linakusumbua katika kazi, ndoa au ibada yako, hiyo ni sababu ya kutosha kumwona daktari wa makengeza.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Kama halikusumbui, na anayesumbuka ni shangazi peke yake, huna sababu ya kupanda kitanda cha upasuaji. Kuishi na jicho lililoenda upande hakuongezi ugonjwa wa retina.

Nisubiri muda gani baada ya upasuaji wa retina?

Kwa kawaida angalau miezi 6 tangu upasuaji wa mwisho wa retina. Wiki za mwanzo misuli huwa imevimba, na makengeza au kuona viwili vya kipindi hicho mara nyingi huisha vyenyewe. Pia daktari anataka kujua kwamba retina imetulia kabla ya mtu mwingine kuligusa jicho. Makengeza nayo yanapaswa kuwa yametulia: yapimwe zaidi ya mara moja, kwa nafasi ya wiki au miezi, na vipimo vilingane. Kunyoosha jicho ambalo bado linaondoka ni kushona nguo ya mtoto anayekua.

Hakuna tarehe ya mwisho. Waliokaa miaka 20 wananyooshewa pia, ingawa misuli iliyokaza muda mrefu huleta kazi zaidi.

Nimeambiwa ninaweza kuanza kuona vitu viwili viwili. Mtu mwenye jicho lisiloona ataonaje viwili?

Swali zuri, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kumuuliza daktari wako.

Kama jicho halioni hata mwanga, haliwezi kuleta picha ya pili. Lakini "silioni" ya wagonjwa wengi ina maana ya kwamba hawawezi kusoma au kutambua sura kwa jicho hilo. Bado linaona mkono unaopita, umbo la mlango, taa. Hiyo ni picha, hata kama ni mbovu. Jicho likiwa limeelekea nje, ubongo umezoea kuipuuza picha hiyo. Ukilirudisha katikati, picha huangukia sehemu nyingine ya retina ambayo ubongo haukujifunza kuipuuza. Ghafla kuna kivuli cha mtu kando ya mtu.

Kwa wengi kivuli hicho hufifia ndani ya wiki kadhaa. Kwa wachache hubaki, na kikibaki kinachosha kuliko makengeza yenyewe. Ndiyo maana kuna kipimo rahisi kabla ya upasuaji: mtaalamu huweka kioo cha prizimu mbele ya jicho, kikihamisha picha mpaka mahali itakapokuwa jicho likinyooka, kisha anakuuliza unaona vingapi. Ukisema kimoja, ni dalili njema. Ukisema viwili, mnakaa chini na kuzungumza upya: labda mnalenga kunyoosha nusu tu, labda unatembea na prizimu ya kubandika kwenye miwani kwa siku kadhaa ujaribu kuishi hivyo. Kipimo hiki hakigusi jicho hata kidogo. Kama hujafanyiwa, kiombe kwa jina: kipimo cha prizimu cha kuona viwili.

Iko pia aina ya kuona viwili ambayo kisu cha misuli hakiitibu. Baada ya retina kurudishwa, wakati mwingine makovu juu yake huivuta makula ikahama kidogo kutoka mahali pake, au ikakunjamana. Hapo jicho lililofanyiwa upasuaji huona mistari imepinda, au vitu vikubwa au vidogo kuliko jicho jingine linavyoviona. Pembeni picha mbili zinalingana, katikati zinakataa. Ukisogeza katikati zilingane, pembeni zinaachana, na ubongo huzirudisha zilipokuwa. Mgonjwa wa hivi anaweza kunyooshewa misuli mara mbili na asipate nafuu. Dalili ya kumtajia daktari: mistari ya daftari au fremu ya mlango inaonekana imepinda kwa jicho moja.

Vipimo vyenyewe vikoje?

Jicho linaloweza kulenga kitu hupimwa kwa kulifunika na kulifunua huku prizimu zikibadilishwa. Jicho lisiloweza kulenga hupimwa kwa tochi: daktari huangalia mwanga umeangukia wapi kwenye kioo cha kila jicho, kisha huongeza prizimu mpaka mianga ikae sawa. Unaambiwa ufuate kidole pande zote ili kuona misuli ipi imekwama. Baadaye, jicho likiwa na ganzi, daktari hulishika kwa kibano na kulisogeza yeye mwenyewe. Likigoma, ni kovu. Likikubali kusogea ilhali wewe hukuweza kulisogeza, tatizo huenda ni udhaifu wa msuli. Kuna wanaotumwa kupigwa picha za CT au MRI.

Halafu mboni inatanuliwa kwa matone na retina ikaguliwe yote, mpaka kingoni. Hapa sikubaliani na njia ya mkato. Kama retina haijakaguliwa karibuni na mtu anayeijua, ahirisha.

Ni jicho lipi litakalopasuliwa?

Lile lililopoteza uoni. Kitaalamu, makengeza yanaweza kurekebishwa kwa jicho lolote kati ya mawili, na katika makengeza ya kawaida madaktari hugusa yote bila wasiwasi. Wewe una jicho moja tu la kutegemea, hivyo kwa kawaida hilo haliguswi. Daktari akipendekeza kuligusa, anaweza kuwa na sababu, lakini muulize ni ipi na usitie sahihi mpaka uielewe.

Wanafanya nini hasa?

Jicho halitolewi nje. Tetesi hiyo iko kila mahali, na si kweli. Kope hushikwa wazi, ngozi laini ya uwazi inayofunika weupe wa jicho hukatwa kidogo, na msuli hutafutwa. Unaovuta kupita kiasi hurudishwa nyuma na kushonwa mahali papya, ambako nguvu yake hupungua. Uliolegea hufupishwa au kuvutwa mbele. Kwa jicho lililoenda nje, kwa mfano, msuli wa upande wa sikio hurudishwa nyuma na wa upande wa pua hukazwa. Nyuzi za misuli kwa kawaida ni za kuyeyuka zenyewe.

Johann Friedrich Dieffenbach alifanya upasuaji wa makengeza wa kwanza uliofanikiwa huko Berlin mwaka 1839, kabla hata ya nusu kaputi kugunduliwa. Kanuni ya kulegeza msuli ni ileile. Kinachotofautisha jicho lako ni kwamba daktari haingii mahali pasafi. Anakutana na makovu, mkanda na misuli isiyokaa pale vitabu vinaposema, na nusu ya kazi ni kuachanisha vilivyonata. Makengeza ya kawaida huweza kuchukua saa moja. Haya huweza kuchukua zaidi, na mpango unaweza kubadilika katikati.

Baadhi ya madaktari hutumia fundo linaloweza kulegezwa au kukazwa siku hiyohiyo au kesho yake, ukiwa macho, ili kusahihisha mkao. Kwa jicho lenye makovu, ambako hesabu za kawaida hazitabiri vizuri, njia hiyo ina faida kubwa.

Mkanda wa silikoni utatolewa?

Kwa kawaida unaachwa. Ndio ulioshikilia retina, na ukitolewa retina inaweza kubanduka tena. Hutolewa kama umetokeza nje, umeingia vijidudu, au ni wazi kwamba ndio unaozuia jicho, na uamuzi huo hufanywa pamoja na daktari wa retina.

Retina inaweza kubanduka tena kwa sababu ya upasuaji huu? Hatari nyingine je?

Inaweza, lakini ni nadra. Misuli iko nje ya jicho na daktari haingii ndani. Hatari inatokana na sindano ya kushonea: ukuta wa jicho ni mwembamba, na chini ya mkanda au mahali palipowahi kugandishwa kwa baridi wakati wa upasuaji wa retina huwa mwembamba zaidi, hivyo sindano inaweza kuutoboa.

Inayotokea mara nyingi kuliko zote ni jicho kutonyooka vya kutosha, au kupitiliza upande wa pili, na kuhitaji kurudiwa. Kuna kuona viwili, ambako tumeshakuzungumza. Kuna vijidudu, na kuna msuli kuteleza kutoka uliposhonwa.

Iko moja isiyosemwa sana. Sehemu ya mbele ya jicho hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa midogo 7 inayopita ndani ya misuli 4 iliyonyooka: miwili kwa kila msuli, isipokuwa ule wa upande wa sikio wenye mmoja. Msuli ukikatwa na kuhamishwa, mishipa yake hupotea. Jicho lililowahi kufungwa mkanda lina akiba ndogo, kwa hiyo daktari mwangalifu hakubali kugusa misuli mingi kwa siku moja. Akikuambia tufanye miwili sasa na mingine baadaye, usidhani anatafuta pesa mara mbili.

Nina kisukari, presha au selimundu. Inazuia?

Haizuii, ila lazima isemwe. Sukari na presha ziwe zimedhibitiwa. Mwenye selimundu amwambie daktari wa macho na wa usingizi pia, kwa sababu mzunguko wa damu kwenye sehemu ya mbele ya jicho lake uko hatarini zaidi, hasa kama kuna mkanda. Dawa za kuyeyusha damu usiziache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia ndiye atakayesema.

Ni nusu kaputi au ganzi?

Zote zinawezekana. Wengi hupewa nusu kaputi kwa sababu kuvuta makovu kunauma na huchukua muda. Mwambie mtu wa usingizi mambo mawili. La kwanza, kama jicho lako lolote liliwekwa gesi ya kuishikilia retina karibuni, kwa sababu dawa ya usingizi iitwayo naitrasi oksaidi huitanua gesi hiyo na kupandisha presha ya jicho kwa hatari. La pili, kama huwa unatapika baada ya usingizi. Upasuaji wa misuli ya macho unajulikana kwa kichefuchefu, na kuna dawa za kukizuia. Usishangae ukisikia chumbani wakitaja mapigo ya moyo: msuli wa jicho ukivutwa, moyo huweza kupunguza kasi. Wanalijua hilo, na huachia msuli mpaka mapigo yarudi.

Bado nina mafuta ya silikoni ndani ya jicho. Au gesi.

Gesi huisha yenyewe. Ile ya muda mrefu huchukua karibu miezi 2. Mpaka iishe usipande ndege, kwa sababu hewa ikipungua uzito angani gesi hutanuka na inaweza kuliua jicho. Nawataja hasa wanaosafiri India kwa matibabu: tarehe ya tiketi ya kurudi aipange daktari.

Mafuta ya silikoni hayazuii ndege, lakini hayatoki yenyewe. Kama yanatakiwa kutolewa, daktari wa retina kwa kawaida humaliza kazi yake kwanza. Kwa baadhi ya macho dhaifu huachwa humo, na kunyoosha misuli bado kunawezekana.

Kuna njia isiyo ya kisu?

Prizimu kwenye miwani husaidia kama shida yako ni kuona viwili na jicho halijaenda mbali. Haibadilishi sura yako.

Sindano ya botoksi hulegeza msuli unaovuta kwa miezi michache. Watu huijua kwa mikunjo ya uso, lakini mwaka 1989 Marekani iliidhinisha kwanza kwa makengeza na kope zinazofumba ovyo. Ni nzuri kwa kujaribu jinsi maisha yatakavyokuwa jicho likinyooka, na kwa mtu ambaye kisu ni hatari kwake. Penye makovu mazito haifanyi mengi.

Jicho lililosinyaa na kugeuka jeupe, kunyoosha misuli peke yake hakutalifanya lionekane zima. Kuna ganda jembamba lililopakwa rangi mfano wa jicho lako jingine, linalovaliwa juu yake. Kwa watu wa hali hiyo mimi huwaomba waanze na hilo. Nimeona matokeo mazuri sana.

Baada ya upasuaji nitakuwaje?

Jicho litakuwa jekundu kama limepigwa. Wekundu huo hukaa wiki kadhaa, kwenye jicho la kurudiwa hata miezi. Maumivu ni ya kukwaruza, kama una mchanga, na dawa za kawaida za maumivu hutosha kwa siku chache. Matone hutumika kwa wiki kadhaa. Nawa mikono kabla.

Usifikiche jicho. Usipake wanja wala vipodozi vya macho mpaka uruhusiwe, na ukiruhusiwa nunua kopo jipya. Usiogelee baharini wala kwenye bwawa kwa wiki 2 hadi 4. Moshi wa kuni na vumbi la kufagia vitakutesa: mwombe mtu mwingine akusaidie jikoni wiki ya kwanza. Kazi ya ofisini wengi hurudi baada ya wiki moja. Mbeba mizigo na mkulima wasubiri zaidi.

Waislamu huuliza kuhusu kusujudu. Upasuaji wa misuli peke yake hauna masharti ya kuweka kichwa namna fulani kama yale ya aliyewekewa gesi, ila kuinama siku za mwanzo kunaweza kuuma. Muulize daktari wako, na mpaka akuruhusu, dini imetoa ruhusa kwa mgonjwa kuswali ameketi na kuashiria.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona usaha, kope zikivimba zaidi badala ya kupungua, maumivu makali, jicho likigoma ghafla kugeuka upande mmoja, au zile dalili unazozijua: vimulimuli, vidoa vipya, pazia.

Litabaki limenyooka milele?

Si lazima. Ile sababu ya kwanza, kwamba jicho halina picha ya kulishikilia katikati, haijaondoka. Wengine hukaa vizuri miaka mingi. Wengine jicho hurudi kidogokidogo na kuhitaji kuguswa tena. Baadhi ya madaktari hulipitiliza kidogo kwa makusudi wakijua litarudi. Na uliyekuwa na jicho lililoelekea nje usishtuke: kama lilikuwa linaona kidogo pembeni, likirudi katikati utahisi eneo unaloliona upande huo limepungua. Kuwa mwangalifu unapovuka barabara.

Mtoto wangu naye alifanyiwa retina. Nifanye nini?

Usisubiri miezi nyumbani. Kwa mtoto mdogo ubongo bado unajifunza kuona, na kuna mambo, kama kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi, yenye faida kwa umri fulani tu. Mpeleke kwa daktari wa macho wa watoto.

Nitampata wapi daktari wa kazi hii? Na bima?

Si kila daktari wa macho anafanya makengeza, na si kila wa makengeza amezoea macho yaliyopitia retina. Anzia hospitali kubwa zenye idara za macho: Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Kenyatta Nairobi, na Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Omba rufaa na uulize waziwazi: "Daktari, umewahi kunyoosha jicho lenye mkanda?" Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo.

Upande wa bima, neno linaloandikwa kwenye fomu lina uzito. "Urembo" hukataliwa. Daktari aandike ukweli wote: makengeza yaliyotokana na upasuaji wa retina au upotevu wa uoni, pamoja na kuona viwili au shingo kupinda kama vipo. Pata jibu la bima kwa maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji.

Na jicho langu zima?

Nashukuru ukiuliza, maana wengi hawaulizi. Vaa miwani yenye vioo vya polikaboneti, visivyopasuka, hata kama hauhitaji namba. Ivae unapochanja kuni, unapochomelea, unapoendesha pikipiki, watoto wanapocheza mpira karibu. Na likaguliwe retina yake mara moja kila mwaka au kama utakavyoelekezwa, kwa sababu aliyebanduka retina jicho moja ana hatari zaidi kwenye la pili, hasa mwenye miwani mikali kwa sababu haoni vizuri vitu vya mbali. Tundu dogo likionekana mapema huzibwa kwa mionzi ya leza, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Siku ya kliniki nije na nini?

Ripoti za kila upasuaji uliofanyiwa, zinazotaja mkanda, mafuta au gesi. Dawa zako zote kwenye mfuko mmoja. Miwani unayovaa na ile ya zamani. Mtu wa kukusindikiza, maana matone ya kutanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa.

Na picha. Kitambulisho, leseni ya zamani, picha ya shule, ya harusi, ya Idi au Krismasi, hata zile ulizogeuza uso. Tunazipanga mezani kwa miaka, tunatafuta ile ya mwisho ambayo jicho bado limekaa mahali pake, na daktari anaiegemeza kwenye taa ya meza wakati anakupima.